Hawakukosa Hewa

Kila mwaka ifikapo Juni, baridi inapoanza kung'ata kuanzia Mafinga hadi Makete, mimi huanza kuisubiri habari moja. Siipendi, lakini najua itakuja. Itasomwa redioni baada ya siasa na kabla ya michezo: watu wawili, au watatu, au mama na wanawe, wamekutwa asubuhi wamekufa chumbani, na pembeni mwa kitanda kulikuwa na jiko la mkaa. Kisha atasikika mkubwa fulani akieleza kwamba marehemu walikosa hewa, na kwamba chanzo ni uzembe. Atawaasa wananchi waache tabia ya kulala na jiko ndani. Baada ya hapo tutasikia matokeo ya mpira.

Nimechoka na habari hiyo, na nimechoka zaidi na namna inavyosemwa. Katika maneno machache ya mkubwa yule mna makosa mawili, na kwa maoni yangu makosa hayo yanasaidia habari yenyewe irudi tena mwaka unaofuata. La kwanza ni la elimu: watu wale hawakukosa hewa. La pili ni la haki: kuwaita wazembe watu waliokufa kwa kutafuta joto katika nyumba ambazo hazikujengewa mahali pa moto.

Anayewatetea wazembe ni vizuri aseme mapema kama naye yumo. Mimi nimo. Niliwahi kupanga chumba Njombe, kimoja kati ya sita vilivyopangana kama mabehewa, sakafu ya saruji, bati juu, dari ya hadibodi. Ulikuwa mwezi wa Julai. Mdogo wangu alikuja kunitembelea kutoka Lindi, mtu ambaye katika maisha yake hakuwahi kuiona pumzi yake mwenyewe ikimtoka mdomoni kama moshi. Siku mbili za kwanza aliifanya mchezo. Usiku wa tatu alishindwa kulala, meno yanagongana, na mablanketi yote tuliyokuwa nayo yalikuwa mawili. Nikachukua jiko nililopikia ugali. Mkaa wa miwati ulikuwa bado mwekundu. Nikaliacha nje kwanza mpaka moshi uishe, kama nilivyofundishwa, ndipo nikaliingiza. Mwanya wa chini ya mlango nikauziba kwa gunia. Matundu ya juu ya dirisha nilikwisha yaziba kwa maboksi tangu Mei. Chumba kikapata joto zuri, tukalala, na nakumbuka nilijiona kaka mwema.

Niliamka sijui saa ngapi. Kichwa kilikuwa kinauma kama kimefungwa kamba na mtu anaikaza. Nilitaka kumwita mdogo wangu nikaona uvivu. Neno ninalolitafuta ni hilohilo, uvivu. Sikuogopa, sikutweta, sikutapatapa kama mtu anayezama majini. Niliona tu kwamba kuinuka ni kazi kubwa isiyo na lazima. Kilichonisogeza ni kichefuchefu, maana sikutaka kutapika kitandani. Nilipokanyaga sakafu miguu ilikataa, nikaanguka, na kuanguka kwangu kukaiangusha ndoo. Mama wa chumba cha pili alikuwa ameamka kumnyonyesha mtoto, akasikia. Akagonga: "Mwalimu! Mwalimu, kuna nini humo?" Sikuweza kumjibu. Mumewe akausukuma mlango kwa bega mpaka komeo likang'oka, wakatuburuta nje, kwenye baridi ileile tuliyokuwa tumeikimbia.

Mdogo wangu alilala hospitali siku mbili. Alipona, ingawa kwa wiki kadhaa alikuwa akiyasahau maneno madogomadogo, ananyoosha kidole na kusema "hicho, hicho." Bibi mmoja alituletea maziwa. Jirani mwingine alinong'ona kwamba nyumba ile ina mambo yake, na kwamba mpangaji aliyenitangulia naye aliondoka akiwa mgonjwa. Baba mwenye nyumba alikuja saa tatu asubuhi, akalitazama komeo lililovunjika, akaniuliza nani atalipa.

Turudi basi kwenye huko kukosa hewa. Mtu anayekosa hewa anajua. Chumba kikijaa ile hewa tunayoitoa kwa kupumua, yaani kabonidayoksaidi, mwili hupiga kelele: unahema juu juu, unaamka, unautafuta mlango. Kitu kilichotuingia usiku ule ni kingine kabisa. Kinaitwa kaboni monoksaidi. Hakina rangi, hakina harufu, hakiwashi macho, hakikohoeshi. Hutokea pale kitu kinapoungua bila oksijeni ya kutosha, na jiko la mkaa karibu wakati wote huungua hivyo, kwa sababu katikati ya lundo la makaa hewa haifiki sawasawa. Umepata kuuona ule mwali mdogo wa buluu unaochezacheza juu ya mkaa uliokolea? Hiyo ndiyo gesi yenyewe, inaungua inapokutana na hewa. Mwali ukitoweka, makaa yakavaa majivu yakaonekana yamelala, usidhani gesi nayo imelala. Inaendelea kutoka, tena safari hii inatoka bila kuungua, nawe ndipo umekwisha pitiwa na usingizi.

Ikifika mapafuni huingia kwenye damu. Ndani ya chembe nyekundu mna himoglobini, ambayo kazi yake ni kubeba oksijeni na kuipeleka kwenye ubongo, moyo na kwingineko. Himoglobini huishika gesi hii kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko inavyoishika oksijeni. Ni kama daladala ambayo viti vyake vyote vimekaliwa na abiria wasiotaka kushuka. Kituoni abiria wengine wamejaa tele, gari linapita mbele yao, wao wanabaki. Hewa chumbani kwangu ilikuwepo. Mimi na mdogo wangu tuliivuta usiku kucha, na kadiri tulivyoivuta ndivyo tulivyozidi kuumia.

Kwa nini ninang'ang'ania neno? Kwa sababu ukimwambia mtu kwamba wenzake walikosa hewa, umemfundisha mambo mawili ya uongo. Umemfundisha kwamba hatari ikija ataisikia, kifua kitabana, ataamka. Tena umemfundisha kwamba ufa mdogo wa dirisha unatosha, maana hewa itaingia. Nimewasikia watu wazima, wenye kusoma, wakisema: "Mimi naacha dirisha wazi kidogo." Dirisha lililo wazi kidogo huingiza hewa kidogo, na siku upepo umetulia pengine haliingizi kitu. Hakuna kipimo cha ufa kinachoweza kulifanya jiko la mkaa lifae chumba cha kulala.

Kosa hilo la elimu limezaa madogo mengi. Lipo lile lililotaka kuniua mimi, kwamba moshi ukiisha mkaa hauna madhara. Moshi ni moshi na gesi ni gesi; mkaa safi usiotoa moshi hata chembe unaweza kuijaza nyumba sumu. Nimeambiwa pia niweke beseni la maji karibu na jiko ati maji yatainywa sumu. Hayainywi. Maziwa ya yule bibi, Mungu ambariki, nayo yalikwenda tumboni wakati sumu ilikuwa kwenye damu. Kinachosaidia ni kumtoa mtu nje mara moja, bila kungoja kujua kama ni malaria au ni nini, kisha hospitali, apewe oksijeni. Kwa hewa ya kawaida huchukua saa 4 au 5 hivi kwa gesi iliyomo katika damu kupungua nusu, lakini kwa oksijeni safi huchukua kama saa moja au zaidi kidogo. Na kama watu wawili au watatu wa nyumba moja wanaumwa kichwa kwa pamoja na kusikia kizunguzungu, wakitoka nje wanapata nafuu, basi kabla ya kumfikiria mchawi lifikirie jiko.

Sasa hili la uzembe.

Septemba 1902, mjini Paris, mwandishi Émile Zola alilala chumbani kwake na mkewe baada ya kuwashiwa moto mekoni. Asubuhi walikutwa, yeye amekufa, mkewe hana fahamu. Dohani ilikuwa imeziba. Wapo mpaka leo wanaoshuku kwamba iliwekewa kizibo na adui, maana alikuwa na maadui wengi, lakini liwe lile au hili, gesi ni ileile. Huyu hakuwa mtu mjinga, wala hakuwa fukara. Februari 2021, baridi kali ilipoikumba Texas huko Marekani na umeme ukakatika siku kadhaa, watu waliokuwa na magari, simu na shahada waliingiza majiko ya mkaa ndani, wengine wakawasha gari gereji ili wapate joto, na wapo waliokufa. Baridi ikimshika mtu, hasa ikimshika mtoto wake, atawasha kitu. Baba Texas na baba Makambako watafanya jambo lilelile. Kumwita mmoja wao mzembe hakulizuii.

Na baridi yetu ni baridi kweli. Kuna watu, wengi wao wa Dar es Salaam, wanaodhani Tanzania yote ni ya kujipepea. Waje Njombe mwezi wa saba waoge maji ya alfajiri. Waende Kitulo wakaone umande ulioganda mweupe juu ya majani. Mzazi aliyejifungua juzi hawezi kuambiwa tu "usiingize jiko" kisha mwambiaji akapanda gari lake lenye hita akaondoka. Na mtoto mchanga anahema haraka kuliko mtu mzima, hivyo sumu humwingia mapema. Aliye tumboni ndiye anayeumia zaidi. Tunawaingizia jiko wale ambao lingewadhuru kwanza, na tunafanya hivyo kwa mapenzi.

Ninachouliza ni hiki: nyumba ya nchi ya baridi inakuwaje haina mahali pa moto? Nyumba za babu zetu wa milimani zilikuwa na moto katikati, na moshi ulipenya kwenye nyasi za paa ukatoka. Sisemi ilikuwa peponi. Macho ya bibi zetu yalikuwa mekundu na vifua vyao vilikoroma, na moshi ule uliua taratibu. Lakini paa lilipitisha hewa, na moshi wenyewe ulikuwa mlinzi: ukizidi, unakutoa nje kwa kikohozi. Wakaja wamisionari na walowezi. Wao walijenga dohani. Nenda Lushoto, nenda kwenye nyumba za zamani za mashamba ya chai Mufindi, utaziona zimesimama juu ya mapaa. Waliozipasulia kuni na kuziwasha ni baba zetu. Jioni walirudi makwao, kwenye nyumba zisizo na dohani.

Tulipoanza kujenga wenyewe, tuliichukua ramani ya Dar es Salaam tukaipandisha mlimani. Tukaondoa nyasi tukaweka bati. Chini ya bati tukaweka dari. Madirisha ya mbao yaliyokuwa na nyufa tukayabadilisha kwa ya alumini na kioo yanayofunga kabisa. Yote hayo ni maendeleo, wala sitaki mtu arudi kwenye nyasi. Ila kila hatua ilikuwa ikiziba tundu ambalo moshi na gesi vilipitia, na hakuna aliyekumbuka kufungua lingine. Tumejenga chupa, tukaweka kizibo, tukamwambia mpangaji: humo mna baridi, lakini usiwashe kitu.

Ndiyo maana lawama yangu haiishii kwa aliyeingiza jiko. Naipeleka kwa mwenye nyumba anayejenga vyumba sita vya kupangisha Njombe bila dohani moja, na bila tundu la hewa lisiloweza kuzibwa. Naipeleka kwa mchora ramani ambaye karatasi ya Kibaha na ya Makete kwake ni moja. Naipeleka kwa halmashauri inayokagua msingi, choo na mpaka wa kiwanja, lakini haiulizi: hawa watu watapata wapi joto? England, tangu Oktoba 2015, mwenye nyumba ya kupangisha analazimika kuweka king'ora cha kutambua gesi hii katika kila chumba cha kukaa au kulala chenye jiko la kuni au makaa. Oktoba 2022 wajibu huo ukapanuliwa, ukahusu na vyombo vya gesi vilivyofungwa ndani ya vyumba, isipokuwa majiko ya kupikia. Angalia sheria inamwambia nani. Inamwambia mwenye nyumba, mapema, mpangaji akiwa hai. Kwetu anayeambiwa ni marehemu.

Nasikia mtu ananijibu kwamba tuna mkakati. Tunao. Mkakati wa Taifa wa nishati safi ya kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi ifikapo 2034, nami nauunga mkono kwa mikono miwili. Lakini hebu lisome jina lake tena: ya kupikia. Jiko la mkaa la Lindi lina kazi moja. La Njombe lina kazi mbili, na ya pili huanza chakula kikiisha iva. Mpe mama mtungi wa gesi apikie, jambo jema. Usiku ukiingia atalitafuta lile jiko la zamani alilolihifadhi uvunguni, na safari hii atalitumia kwa kazi mbaya kuliko zote. Atakayezungumzia nishati ya nyanda za juu bila kuzungumzia kuota moto hajafika huku.

Wengine watasema dohani ni gharama. Ni gharama, sikatai, ila sijaona mwenye nyumba aliyeshindwa kununua vigae vya barazani. Dohani ya tofali za kuchoma anaijenga mwashi yeyote aliyeelekezwa, na jiko la chuma lenye bomba mafundi wa bati wanaliweza, mradi bomba liwe la chuma na lisigusane na mbao za paa. Jambo la kuangalia ni kwamba litoke juu kuliko mgongo wa paa, la sivyo upepo utaurudisha moshi ndani. Na chumbani pawe na tundu la kuingizia hewa, kwa kuwa moto usiopata pa kuvutia hauwezi kusukuma kitu juu. Kuni ziwe kavu. Mti uliokatwa juzi huchemsha maji yake kabla ya kutoa joto, na moshi wake huacha lami ndani ya bomba, ambayo siku moja hushika moto. Zikae chini ya paa miezi sita, au mwaka ikiwezekana. Kabla ya Juni bomba lisafishwe, maana ndege nao wanapenda dohani isiyowashwa. Zola alikuwa na dohani; haikumfaa kwa sababu ilikuwa imeziba.

Kuhusu misitu, anayesema kuni zitaumaliza msitu na atembelee mashine za mbao za Mufindi na Njombe, aone mabanzi yanavyochomwa uwanjani ili kupunguza takataka. Joto linapaa angani bure hatua mia kutoka chumba ambacho mtu anajifunika gunia.

Gesi ya mtungi inakuja, na hita zake zimeanza kuonekana kwenye nyumba za wenye nafasi. Sizikatai, ila nazo si malaika. Mwali wake uwe wa buluu; ukiwa wa njano na kuacha masizi, unatoa sumu ileile. Gesi ya mtungi yenyewe ni nzito kuliko hewa, ikivuja hutambaa sakafuni, na imetiwa harufu makusudi ili uinuse. Watu huichanganya harufu hiyo na usalama: wanasema mbona hainuki. Kaboni monoksaidi haikutiwa harufu na mtu yeyote. Hita isiyo na bomba la kutolea nje isiwekwe chumba cha kulala, na usilale ikiwaka.

Na kwa yule ambaye usiku wa leo hana dohani, hana hita, ana jiko tu? Familia iote moto jikoni penye uwazi au barazani kabla ya kulala, kisha jiko libaki nje, hata kama makaa yanaonekana yamekufa. Kipashwe joto kitanda badala ya chumba: chupa za maji ya moto zilizofungwa vizuri na kuviringishwa kitambaa, soksi, kofia, watoto walale pamoja. Najua hii ni dawa ya usiku mmoja, na msimu una siku tisini.

Nilihama chumba kile mwisho wa Agosti. Komeo nililipa. Siku ninatoa vitu, mpangaji mpya alikuwa anaingiza vyake, kijana na mkewe ambaye ujauzito ulikwisha onekana. Maboksi yangu nilikuwa nimeyabandua kwenye matundu ya dirisha, na yule binti akasimama akiyatazama, akajikunyata, akaniuliza kama naweza kuwaachia. Kitu cha mwisho kushuka kwenye mkokoteni wao kilikuwa jiko la mkaa. Nikamwita kijana pembeni, nikamweleza habari yote, tangu mdogo wangu hadi ndoo iliyoanguka, na nikamwonyesha alama ya komeo la zamani mlangoni. Alinisikiliza kwa adabu mpaka nikamaliza. Halafu akauliza: "Sasa mwalimu, kwa baridi hii, baada ya hapo wewe ulikuwa unafanyaje?"